Mmekuja Kutuuliza, au Kutuambia?

Miaka kadhaa iliyopita niliombwa kufungua kwa sala mkutano wa kijiji kimoja katika nyanda za chini za Mkoa wa Iringa, upande unaoelekea Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Mkutano ulifanyika chini ya mti, karibu na kanisa, na kwa kuwa mimi ni mzee wa kanisa niliyefika kutoka mjini, wenyeji waliona ni vema nianze. Wageni wa siku ile walileta habari za simba. Walisema simba wanapungua, na kijiji kinaombwa kishiriki katika kuwalinda. Nilisimama nikamshukuru Mungu kwa mito na milima, kwa tembo na twiga, na kwa simba aliyeumbwa na nguvu za kutisha. Watu wakaitikia Amina, nami nikaketi nimeridhika na sala yangu.

Maelezo yaliendelea kwa muda mrefu. Ramani ilitundikwa kwenye shina la mti, daftari la mahudhurio likazungushwa. Ulipofika wakati wa maswali, alisimama bibi mmoja mjane. Alieleza kwamba wiki mbili zilizopita ng'ombe wake wawili waliuawa zizini usiku, na mmoja wao alikuwa amemtenga ili auzwe kwa ajili ya mahitaji ya mjukuu wake aliyepangiwa shule ya bweni. Kisha akauliza kwa sauti ya upole: “Wanangu, mmekuja kutuuliza, au mmekuja kutuambia?”

Hakupata jibu. Aliambiwa kwamba maoni yote yamechukuliwa. Baadaye nilifahamu kwamba mpango ulikwisha kuandikwa kabla ya siku ile, na kwamba daftari tulilotia sahihi ndilo lililokuwa ushahidi wa kwamba kijiji kimeshirikishwa. Lakini njiani kurudi mjini, kilichonisumbua zaidi kilikuwa sala yangu mwenyewe. Nilimshukuru Mungu kwa simba, wala sikuwataja wale ambao simba hula mifugo yao. Sahihi yangu nayo ilikuwa ndani ya daftari lile.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza swali ambalo nataka tulitafakari pamoja, ndugu msomaji. Ni nani mwenye haki ya kuamua juu ya mnyama anayeweza kumwangamiza jirani yangu, na ambaye pia ni kazi ya mikono ya Mungu? Na tunaposema watu washirikishwe, tunamaanisha nini?

Simba ni wa nani?

Sheria ya nchi yetu ina jibu lake. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inasema wanyamapori ni mali ya umma, nao wamewekwa chini ya Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi wote. Neno hilo, mdhamini, ni zuri, na sisi wa kanisani tunalielewa kirahisi kwa sababu liko karibu na fundisho letu la uwakili. Mdhamini hutunza kisicho chake. Siku moja ataulizwa alikitunza vipi.

Maandiko Matakatifu yanakwenda mbali zaidi ya sheria. Zaburi ya 104 inatuonyesha wana-simba wakinguruma usiku, na ngurumo yao inahesabiwa kuwa ni kumwomba Mungu chakula chao. Katika kitabu cha Ayubu, Bwana anamuuliza yule mtu aliyeumia kama ni yeye anayewawindia simba mawindo. Na baada ya gharika, katika Mwanzo 9, Mungu hafanyi agano na Nuhu na wanawe peke yao. Anawaingiza katika agano hilo viumbe wote hai waliotoka katika safina, na wanyama wa mwituni wakiwemo.

Kwa hiyo simba si wa serikali kwa maana ya mwisho, wala si wa kijiji, wala si wa mtalii aliyelipa kumwona. Hakuna kati yetu aliyepewa ruhusa ya kumfuta katika uso wa dunia. Hilo ni gumu kulisema mbele ya mtu aliyepoteza ng'ombe, lakini ni kweli, na kanisa likilificha litakuwa limesema nusu ya Neno.

Hata hivyo Maandiko hayo hayo yanamjua mchungaji wa mifugo kwa karibu sana. Daudi alipambana na simba na dubu kwa ajili ya kondoo wa baba yake, na hakuna mahali anapolaumiwa kwa hilo. Nabii Amosi, ambaye alikuwa mfugaji, anazungumza juu ya mchungaji anayeokoa miguu miwili tu au kipande cha sikio kutoka kinywani mwa simba. Mtu asiyewahi kuokota mabaki zizini asubuhi hawezi kuandika hivyo.

Hasara ya Yakobo

Kuna sehemu moja ambayo kwa muda mrefu niliisoma bila kuiona. Ni Mwanzo 31, pale Yakobo anapomkabili Labani baada ya kumtumikia miaka ishirini. Katika malalamiko yake anasema kwamba mnyama aliyeraruliwa porini hakumpelekea Labani. Hasara aliibeba yeye mwenyewe. Mali ilikuwa ya Labani na faida ilikuwa ya Labani, lakini fisi au simba alipokuja, aliyelipa alikuwa Yakobo, yule aliyepigwa na jua mchana na baridi usiku.

Karne nyingi baadaye Torati inaliangalia jambo hilo. Kutoka 22 inaagiza kwamba mtu aliyekabidhiwa mnyama wa jirani, mnyama huyo akiraruliwa, alete mabaki yawe ushahidi, naye hatalipa. Ni amri ndogo ambayo wengi tunaipita haraka. Lakini ndani yake Mungu anakataa kwamba mlinzi maskini abebe peke yake gharama ya meno ya mnyama wa porini.

Nadhani hapa ndipo mahali pa kuanzia. Simba akiwa hai, wanaofaidika ni wengi. Taifa linapata fedha za utalii, wageni wanapata picha, wataalamu wanapata elimu, na sisi wa mjini tunapata fahari ya kusema nchi yetu ina simba wengi kuliko nchi nyingine yoyote. Lakini usiku ule zizi linapovunjwa, anayelipa ni mmoja. Sisi wengine ni Labani.

Nchi yetu inacho kitu inachokitoa kwa mtu kama huyo. Tangu kanuni za mwaka 2011 kuna kifuta jasho kwa mwenye mazao au mifugo iliyoharibiwa, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kwa familia iliyofiwa. Tuyaangalie majina hayo. Hayasemi fidia. Yanakiri yenyewe kwamba kinachotolewa ni cha kufuta jasho tu, wala si kurudisha kilichopotea. Nashukuru kwamba kipo. Lakini mtu aliyefutwa jasho hajaulizwa bado kama yuko tayari kutoka jasho hilo.

Je, tupige kura?

Wengine watasema, basi jambo ni rahisi: tuwaulize watu wote, wengi wakisema ndiyo iwe ndiyo. Liko jimbo lililofanya hivyo hasa. Ni Colorado, nchini Marekani. Huko mbwa mwitu wa kijivu walikuwa wameangamizwa na watu katika karne ya ishirini. Mwezi wa Novemba 2020 wananchi wa jimbo zima walipiga kura kuamua kama warudishwe au la. Waliosema ndiyo walikuwa karibu asilimia 51. Mwezi wa Desemba 2023 mbwa mwitu kumi walioletwa kutoka jimbo la Oregon wakaachiwa huru.

Kura ile ilikuwa ya haki kwa hesabu, kila mtu kura moja. Lakini wingi wa kura za ndiyo ulitoka mijini, Denver na Boulder na miji ya jirani, wakati mbwa mwitu walipangiwa kuachiwa upande wa magharibi, wanakoishi wafugaji, na huko wilaya nyingi zilisema hapana. Mfugaji aliyeshindwa kwenye kura ile angeweza kusema kama bibi yetu wa Iringa: nimeulizwa pamoja na watu wengine ambao hawataamka usiku. Wahenga wetu walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Tusiwaonee watu wa Colorado. Baada ya kura waliweka fidia inayoweza kufika dola 15,000 kwa mnyama mmoja wa mfugo aliyeuawa, na wafugaji waliwekwa katika kamati ya kutoa ushauri juu ya mpango. Mtu wa Denver naye ana haki ya kusema, kwa sababu viumbe wa Mungu si mali ya wafugaji peke yao. Lakini tunajifunza kwamba kuhesabu vichwa na kutenda haki si kitu kimoja. Waliokaa mbali wanaweza kuwa wengi, na kwa wingi wao wakaamua mzigo ambao hawataubeba.

Mitume walipoletewa manung'uniko

Katika Matendo ya Mitume 6, kanisa changa la Yerusalemu linapatwa na shida ya mgawanyo. Wayahudi wa Kiyunani wananung'unika kwamba wajane wao wanasahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume wangeweza kuwaambia wanyamaze kwa ajili ya umoja. Wangeweza pia kukaa wao kumi na wawili faraghani wakatengeneza mpango mzuri na kuutangaza. Hawakufanya hivyo. Waliita mkutano wa wanafunzi, wakawaambia wachague watu saba wenye kushuhudiwa wema, wakawakabidhi jambo lenyewe.

Someni majina ya wale saba: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote ni majina ya Kiyunani. Yaelekea basi kwamba kazi ya kugawa ilipewa watu wa upande ule uliokuwa ukisahauliwa. Aliyenung'unika ndiye aliyekabidhiwa mizani.

Lakini kuna jambo la pili la kuangalia. Mkutano ule haukuulizwa kama wajane walishwe au wasilishwe. Hilo halikuwekwa mezani, kwa sababu lilikwisha kuamuliwa na Mungu. Kilichowekwa mikononi mwa watu ni namna: nani atagawa, kwa utaratibu gani, nani asimamie.

Naona hapa mwongozo kwa swali letu. Yako mambo mawili ambayo hayapigiwi kura. Simba asifutwe duniani, kwa sababu si wetu. Jirani asipondwe kwa ajili ya simba, kwa sababu naye si wetu, ni wa Mungu na ana sura yake. Kati ya mipaka hiyo miwili, maamuzi yawe kwa kiasi kikubwa mikononi mwa wale wanaolala karibu na zizi. Wao waamue malisho yapite wapi na kwa majira gani, ulinzi ufanywe na nani, faida ya wageni igawanywe vipi, na adhabu iwe nini kwa anayevunja makubaliano. Na uamuzi wao uwe na uwezo wa kubadilisha mpango ulioletwa. Mpango ambao hauwezi kubadilishwa na jibu langu hauna haja ya kuniuliza.

Mahali palipojaribiwa

Mtu asifikiri kwamba haya ni maneno ya mimbarani tu. Upande wa Kenya, karibu na Amboseli, kuanzia mwaka 2007 morani wa Kimaasai waliajiriwa kuwa walinzi wa simba, na baadhi yao waliwahi kuua simba wenyewe. Zamani morani aliyeua simba alipata jina la heshima kwa tendo hilo. Sasa ni walinzi hao wanaowapa simba majina ya Kimaasai. Wanafuata nyayo, wanawaonya wachungaji wasipeleke ng'ombe mahali simba alipo, wanasaidia kuimarisha maboma, wanatafuta mifugo iliyopotea, na vijana wenzao wanapokusanyika na mikuki wanakwenda kuwatuliza. Maarifa yaliyotumika kuua ndiyo yanayotumika kulinda. Hawakuonekana tena kuwa tatizo la kutatuliwa. Walikabidhiwa kazi, kama wale saba.

Katika eneo hilo hilo, kwenye ranchi ya jumuiya ya Mbirikani, mwaka 2003 ulianzishwa mfuko wa kuwalipa wafugaji waliopoteza mifugo. Malipo hupunguzwa ikiwa mwenye mali alizembea. Na mtu yeyote akiua simba, eneo lake zima hukosa malipo ya kipindi hicho. Jambo hili la mwisho linanipa shida. Je, ni haki mama asiye na kosa akose malipo kwa sababu ya mkuki wa kijana asiyemjua? Nimelifikiri sana, na naona kwamba jibu linategemea aliyeweka sharti. Likiwekwa na mgeni, ni adhabu ya pamoja, na adhabu ya pamoja ni dhuluma. Likikubaliwa na jumuiya yenyewe baada ya kujadiliana, ni agano, na katika agano watu hukubali kuwajibika mmoja kwa ajili ya mwingine. Maneno ya sharti ni yale yale katika hali zote mbili. Tofauti yote iko katika kuulizwa.

Kwetu Iringa, vijiji vya Idodi na Pawaga vilikuwa miongoni mwa vya kwanza nchini kutenga ardhi yao na kuunda jumuiya ya kusimamia wanyamapori, ile iitwayo MBOMIPA, yaani Matumizi Bora ya Malihai Idodi na Pawaga. Njia hiyo ilifunguliwa na Sera ya Wanyamapori ya mwaka 1998. Tena kuna mradi ulioanza mwaka 2009 kandokando ya Ruaha, unaowasaidia wafugaji kuzungushia mazizi uzio wa waya mahali pa miiba. Katika vijiji kadhaa wanakijiji hutega kamera porini zinazojipiga picha mnyama anapopita. Kila mnyama aliyeonekana hukipatia kijiji pointi, na pointi hugeuzwa kuwa msaada wa afya, elimu na matibabu ya mifugo. Kwa njia hiyo simba aliye hai analeta kitu kijijini. Zamani kijana wa Kibarabaig aliyemuua simba alipita kwa ndugu zake akizawadiwa ng'ombe. Hapo aliyekufa ndiye aliyeleta mali.

Sisemi kwamba haya yote hayana kasoro. Hata mkutano mzuri huacha watu nje. Kijana anayechunga, ambaye ndiye atakayekutana na simba, saa ya mkutano yuko malishoni. Mama aliyekuwa na neno hunyamaza wazee wakisema. Mfugaji aliyehamia juzi anaogopa kusimama mbele ya wenyeji. Anayetaka kuuliza kweli atauliza pia saa ya kunywesha ng'ombe, na pale kisimani.

Na wakikosea?

Kuna pingamizi ambalo sitaki kulikwepa. Vipi kama watu wakiulizwa wakasema, waueni wote? Tunajua kwamba umati unaweza kuchagua vibaya. Umati ndio uliomchagua Baraba.

Najibu kwanza kwamba ndiyo maana nimesema kuna mipaka isiyopigiwa kura. Lakini pili, tusijidanganye kwamba kutowauliza ni salama zaidi. Mtu asiyeulizwa hana haja ya kupiga kelele mkutanoni. Anatia sumu katika mzoga usiku mmoja, na asubuhi amekufa simba, wamekufa fisi na tumbusi na mbwa wa jirani, na hakuna shahidi. Uamuzi wake ameshautoa, ila ameutoa gizani. Afadhali hapana inayosemwa chini ya mti mchana, kwa sababu hiyo tunaweza kuijibu.

Na tatu, hata kama kuulizana kusingeokoa simba hata mmoja, bado tungekuwa na deni la kuulizana. Hatumwulizi jirani kwa sababu tu inasaidia kazi yetu. Tunamwuliza kwa sababu ni jirani.

Sehemu yetu

Basi washarika tufanye nini? Wale wa vijijini, fungueni milango ya kanisa kwa mikutano hii, lakini msiwe mapambo ya mkutano kama nilivyokuwa mimi. Kabla ya kusali, ulizeni kama jibu la watu linaweza kubadilisha neno lolote. Msaidieni aliyepata hasara kutoa taarifa mapema na kuandika madai yake, maana wengi hukosa kifuta jasho kwa kutojua mlango wa kuingilia. Na mwambieni mwenye hasira ukweli pia, kwamba sumu ni dhambi dhidi ya Muumba na dhidi ya majirani.

Sisi wa mijini, tunaopenda kuona simba kwenye kalenda, tukumbuke Yakobo. Tunaposhukuru kwa ajili ya kiumbe fulani, tuulize pia gharama yake inalipwa na nani, na kama tuko tayari kuchangia uzio wa zizi ambalo hatutaliona.

Nilirudi kijijini kule mwaka uliofuata kwa ibada ya mavuno. Nilimtafuta yule bibi, nikamwomba radhi kwa sala yangu. Alicheka kidogo, akaniambia kwamba simba hakumchukia. Aliyemuudhi ni mtu aliyemfanya mtoto. Kisha akanitaka niombe tena. Safari hii nilimwuliza kwanza niombe nini. Akafikiri, akasema: “Omba zizi langu liwe imara. Na huyo simba naye apate chakula chake huko huko porini.”

Niliomba hivyo hivyo.